Katiba Iliyokufa kwa Kupigiwa Kura: Kenya, 1963–1969

Katiba ambayo Kenya iliingia nayo katika uhuru tarehe 12 Desemba 1963 ilikuwa ndefu, yenye vifungu vilivyowatatiza hata mawakili, lakini ulinzi wake ulisimama juu ya hesabu nyepesi. Seneti ilikuwa na viti 41, kimoja kwa kila wilaya pamoja na kimoja cha Nairobi. Mambo yaliyohesabiwa kuwa ya msingi, yaani mamlaka ya majimbo, haki za raia, uraia wenyewe, mahakama, ardhi ya jamii na utaratibu wa kurekebisha katiba, hayangeguswa bila kuungwa mkono na asilimia 75 ya Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti. Asilimia 90 ya watu 41 ni watu 37. Kwa hiyo maseneta 5 tu, wakiamua kutobanduka, wangeikwamisha serikali ndani ya Bunge hata ingekuwa inapendwa kiasi gani. KADU, chama cha upinzani, kiliingia katika uhuru kikiwa na maseneta wengi kuliko hao. Hata hivyo, kabla miaka 6 haijatimia, Seneti haikuwapo, majimbo hayakuwapo, na chama cha upinzani hakikuwapo. Katika muda huo wote hakuna kifaru kilichoegeshwa mbele ya Bunge, wala hakuna aliyetangaza redioni kwamba katiba imesimamishwa. Kila badiliko lililetwa kama mswada, likajadiliwa, likapigiwa kura, likapita.

Habari hii husimuliwa kwa njia mbili. Wako wanaoona mkono wa mtu mmoja tu: Jomo Kenyatta alitaka mamlaka yote, akayachukua. Wako pia wanaosema kwamba katiba ile ilizaliwa ikiwa maiti, kwa kuwa majimbo yalibuniwa na wazungu kwa ajili ya kuwagawa Waafrika, na hakuna taifa changa ambalo lingeyavumilia. Kila upande una chembe ya ukweli, lakini hakuna unaoeleza kura. Kenyatta hakuwa na kura 37 za Seneti mfukoni mwake, na kitu kilichokwisha kufa hakihitaji kurekebishwa mara kumi katika miaka mitano. Ukifuata mswada mmoja baada ya mwingine, unaona jambo jingine. Kila kundi lililokuwa na uwezo wa kuilinda katiba ile lilipewa bei yake, likaiona bei hiyo kuwa nzuri kwa siku ile, likapiga kura dhidi ya adui wa siku ile. Silaha zilizotengenezwa kwa namna hiyo zilibaki mezani, na baadaye zikawageukia baadhi ya waliosaidia kuzitengeneza.

Tuanze na hofu iliyozaa majimbo, kwa maana haikuwa ya kubuniwa. KANU kilianzishwa mwaka 1960 kikiwa na James Gichuru, Oginga Odinga na Tom Mboya katika uongozi, na nguvu zake kubwa zilikuwa kwa Wakikuyu na Waluo, makabila yenye watu wengi, wasomi wengi na vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu. Mwezi Juni mwaka huohuo, Ronald Ngala wa Pwani, Masinde Muliro wa Magharibi na Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa waliunganisha vyama vya jamii zilizojiona ndogo, wakaunda KADU. Walichokiogopa kilikuwa na jina: ardhi. Mashamba ya walowezi katika nyanda za juu yalikuwa yanakaribia kubadilisha mikono, na sehemu kubwa ya nyanda hizo ilikuwa Bonde la Ufa, katika nchi ambayo Wakalenjin na Wamaasai waliihesabu kuwa yao kabla ya mzungu kufika. Kama serikali moja ya Nairobi ndiyo itakayoigawa, nani atapewa? Huko Pwani swali lilikuwa na sura nyingine, kwa sababu ukanda wa maili kumi ulikuwa bado mali ya Sultani wa Zanzibar kwa jina, wenyeji wengi walikuwa maskwota katika ardhi waliyozaliwa, na ajira za bandarini Mombasa zilikuwa zikiwavuta watu wa bara kwa maelfu. Ngala alipodai jimbo lenye mamlaka juu ya ardhi yake, alikuwa akisema jambo ambalo mkulima wa Kilifi alilielewa bila kufundishwa.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, nalo lina uzito. Walowezi walipenda majimbo. Michael Blundell na wenzake walishirikiana na KADU baada ya uchaguzi wa 1961, pale KANU kilichoshinda viti 19 kwa 11 kilipokataa kuunda serikali hadi Kenyatta afunguliwe, na KADU kikakubali kuingia serikalini kwa msaada wa wabunge wazungu. Kwa watu waliotoka kuona ndugu zao wakifungwa na kunyongwa wakati wa Mau Mau, chama kilichokaa meza moja na walowezi huku Kenyatta akiwa bado kizuizini kilikuwa kimejipaka matope, na doa hilo halikufutika. Lakini kuungwa mkono na mtu mbaya hakuligeuzi hitaji lako kuwa la uongo. Walowezi walitaka majimbo ili mali yao isitaifishwe. Mgiriama na Mnandi waliyataka ili ardhi yao isigawiwe watu wengine. Mambo hayo mawili yalikutana kwa muda, na walowezi walipohakikishiwa kwamba Uingereza ingetoa mikopo ya kununua mashamba yao kwa bei nzuri, hamu yao ya majimbo ilipungua upesi. Ya wenyeji haikupungua. Madai ya ugatuzi yaliporudi miaka ya 1990 na 2000, hapakuwa na mlowezi wa kulaumiwa.

Katiba iliyotoka Lancaster House, London, mwaka 1962, ilikuwa mapatano ya watu wasioaminiana. Viongozi wa KANU walitia sahihi wakiwa na nia, ambayo hawakuificha sana, ya kuibadilisha wakishapata dola. Walishinda uchaguzi wa Mei 1963, Kenyatta akawa Waziri Mkuu tarehe 1 Juni, na mnamo Septemba walirudi London kudai kwamba masharti ya kurekebisha katiba yalegezwe kabla ya uhuru. KADU walitishia kujitenga na kuigawa nchi. Waingereza, ambao kufikia hapo walikuwa wameamua kwamba mustakabali wao Kenya uko kwa Kenyatta, waliwapa KANU sehemu ya walichotaka: utumishi wa umma na polisi viliwekwa zaidi mikononi mwa serikali kuu. Lile sharti la asilimia 90 katika Seneti lilibaki. KADU walirudi nyumbani wakijua kwamba wamebakiwa na boma moja tu, ila ni boma imara.

Halikuhitaji kuvunjwa, kwani waliokuwa ndani walitolewa mmoja mmoja. Mwaka 1964 majimbo yalikuwa na mabaraza, marais wa mabaraza na karatasi zenye nembo, lakini fedha zilitoka Nairobi, na zilitoka kwa kuchelewa. Uhamishaji wa madaraka uliahirishwa na kuahirishwa tena. Mbunge wa KADU aliyerudi kwa wapiga kura wake hakuwa na barabara, shule wala kazi za kuwaonyesha, ilhali jirani yake aliyevuka kuingia KANU alikuwa na mlango wa kubisha. Paul Ngei na chama chake cha Akamba walikuwa wamekwisha kurejea KANU kabla hata ya uhuru, na wabunge wa KADU wakaanza kufuata njia hiyo, leo mmoja, kesho wawili. Jambo moja katika kuvuka huko lishikwe vizuri, maana tutalirudia: hakuna aliyeambiwa kwamba kwa kuhama chama amepoteza kiti chake. KANU kiliwapokea kwa shangwe, na viti vyao pamoja nao.

Kenyatta alipotangaza mwaka huo kwamba Kenya itakuwa jamhuri, serikali ilisema wazi kuwa ikikosa wingi unaotakiwa katika Seneti, itakwenda kwa wananchi wenyewe na kuitisha kura ya maoni. KADU walijua wangeshindwa katika kura hiyo, tena vibaya. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alitangaza kwamba chama kimevunjwa na wabunge wake wanajiunga na serikali. Wengi walimsifu kwa uzalendo, na haifai kumnyima sifa hiyo yote. Nchi ilikuwa imepita mwaka mgumu, na suluhu ina thamani yake. Lakini bei ililipwa. Mwezi uliofuata Moi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha majimbo na rais wa baraza la Bonde la Ufa, aliteuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Ngala naye baadaye alipata uwaziri. Viongozi wa jamii zilizoogopa kumezwa walipata viti mezani, na jamii zenyewe zikapoteza ulinzi uliokuwa umeandikwa. Tofauti ya vitu hivyo viwili haikuonekana siku ile, kwa sababu waziri huonekana, na ulinzi wa katiba hauonekani mpaka siku utakapouhitaji.

Jamhuri ilizaliwa tarehe 12 Desemba 1964. Sheria iliyoianzisha ilimfanya Waziri Mkuu wa siku hiyo kuwa Rais moja kwa moja, bila uchaguzi. Sheria ya pili iliyofuata papo hapo ilipunguza mamlaka ya majimbo, na utawala wa mikoa, wale wakuu wa mikoa na wilaya waliorithiwa kutoka kwa mkoloni pamoja na sare zao, uliwekwa chini ya Ofisi ya Rais. Hapa ningependa msomaji atulie kidogo, kwa sababu naamini hili lilikuwa kubwa kuliko kufutwa kwa majimbo kwenyewe. Mkuu wa wilaya wa kikoloni alikuwa ndiye mtoa vibali vya mikutano ya hadhara, mwangalizi wa machifu na macho ya Gavana. Katiba ya 1963 ilijaribu kumtenga na siasa kwa kuyapa majimbo na serikali za mitaa nguvu zao wenyewe. Sasa alirudi na mamlaka yote aliyokuwa nayo, ila badala ya Gavana alimtumikia kiongozi wa chama kinachotawala. Odinga, ambaye alikuwa mpinzani mkali wa majimbo kuliko karibu mtu yeyote ndani ya KANU, ndiye aliyekuwa Makamu wa Rais wa jamhuri hiyo. Kwake na kwa mrengo wake, majimbo yalikuwa ngome ya vibaraka, na serikali kuu yenye nguvu ilikuwa chombo cha kuleta usawa. Hawakujiuliza chombo hicho kitashikwa na nani.

Mwaka 1965 jibu lilianza kuonekana. Pio Gama Pinto, mpangaji hodari wa mrengo wa Odinga, aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari. Hati ya Bunge Namba 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, iliyoandaliwa chini ya Mboya, ilitumia jina la ujamaa na kuacha mali binafsi mahali pake. Katikati ya mambo hayo mawili makubwa ilipita sheria ambayo haikuwasisimua watu. Sheria Namba 14 ya 1965 ilishusha sharti la kurekebisha katiba hadi asilimia 65 katika mabaraza yote mawili, kwa vifungu vyote, vya msingi na visivyo vya msingi. Iliyafanya majimbo kuwa mikoa na mabaraza yake kuwa ya ushauri tu. Ililegeza pia masharti ya Bunge kuidhinisha hali ya hatari. KADU hawakuwapo tena kupinga, na mrengo wa Odinga ulikuwa bado serikalini. Hesabu ya maseneta 5 ikafa siku hiyo. Kuanzia hapo chama chenye wabunge wengi kingeweza kuiandika katiba upya kila kilipotaka, na kwa kuwa chama kilikuwa kimoja, kilichobaki ni kujua nani anakidhibiti chama.

Swali hilo lilijibiwa Limuru, Machi 1966. Mboya, akiwa Katibu Mkuu wa KANU, alipanga mkutano ambao ulifuta nafasi ya Odinga ya makamu wa rais wa chama na kuweka makamu 8 mahali pake. Mwezi wa Aprili Odinga alijiuzulu serikalini, na wabunge na maseneta waliomuunga mkono wakatangaza kuhama pamoja naye kwenda chama kipya, Kenya People's Union. Serikali ilijibu kabla mwezi haujaisha. Sheria Namba 17 ya 1966 ilisema kwamba mbunge akikihama chama kilichomwingiza Bungeni, kiti chake kiko wazi na arudi kwa wapiga kura. Kwa kanuni tupu, sheria hiyo ina hoja nzuri, na nchi kadhaa zinayo. Tatizo ni kwamba miezi 18 tu kabla ya hapo kuhama kulikuwa uzalendo. Wabunge wa KADU walivuka wakiwa na viti vyao, na Odinga mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowakaribisha. Angesimama wakati ule na kusema kuwa kuvuka bila kuwarudia wapiga kura ni kuwadharau, angekuwa na la kuwaambia wenzake mwaka 1966. Hakusema, na baadhi ya waliomfuata walipoiona sheria mpya walitaka kurudi KANU, wakakuta mlango umefungwa.

Uchaguzi mdogo wa Juni 1966 ulihusu viti 29. KPU walishinda 9, ingawa kura walizopata kwa jumla zilizidi kidogo zile za KANU, kwa sababu zilirundikana Nyanza. Odinga alishinda Bondo kwa urahisi. Bildad Kaggia, ambaye hakuna aliyewatetea maskini wa Mau Mau wasiopewa ardhi kama yeye, alishindwa Kandara, na Achieng Oneko alishindwa Nakuru. Hasara ya wawili hao ndiyo iliyoiumiza KPU kuliko zote, kwa sababu chama kilichoundwa kwa hoja za ardhi na usawa kiligeuzwa kuwa chama cha Waluo, na tangu hapo serikali haikuhitaji kujibu hoja zake. Mwezi huohuo Sheria Namba 18 ilipanua uwezo wa Rais wa kuwaweka watu kizuizini bila mashtaka katika nchi ambayo Rais wake, na huyo Kaggia na Oneko waliopinga, wote walikuwa wamefungwa na mkoloni baada ya kesi ya Kapenguria.

Seneti nayo ilifuata. Mwishoni mwa 1966 Bunge lilipitisha mswada wa kuunganisha mabaraza mawili kuwa moja. Kwa nini maseneta wakubali kujifuta? Kwa sababu hawakujifuta. Maseneta 41 walipewa majimbo mapya ya uchaguzi 41, idadi ya majimbo ikapanda kutoka 117 hadi 158, na muda wa Bunge ulioelekea kwisha 1968 ukasogezwa mbele hadi 1970. Taasisi ilikufa, kila mjumbe wake akabaki na kiti, mshahara na miaka miwili zaidi. Sioni ushahidi bora kuliko huu. Seneti iliwekwa ili wilaya ndogo zisizimwe na wilaya kubwa, na maseneta wa wilaya ndogo waliupigia kura mwisho wake kwa sababu kila mmoja aliangalia kiti chake.

Mwaka 1968 ulikuwa zamu ya Mboya. Kenyatta alikuwa mzee na mwaka huo aliugua, na watu waliomzunguka waliona kwamba Mboya, akiwa na chini ya miaka 40, ndiye angemrithi kama Bunge lingeachiwa kumchagua Rais mpya. Mapendekezo yaliyoletwa yalitaka, pamoja na mengine, mgombea urais awe na miaka isiyopungua 40. Mboya na wafuasi wake Bungeni walipigana, na matokeo yakawa mapatano: umri ukabaki 35, Rais achaguliwe na wananchi moja kwa moja, na Rais akifa Makamu wake ashike kwa siku 90 hadi uchaguzi. Kila mgombea sasa alitakiwa kudhaminiwa na chama, na wagombea huru wakatoweka. Mboya, ambaye miaka miwili kabla alikuwa fundi mkuu wa kumtoa Odinga kwa kubadilisha kanuni, alijikuta akihangaika kuzuia kanuni zisibadilishwe dhidi yake. Mwaka huohuo, uchaguzi wa mabaraza ya mitaa ulipoitishwa, karatasi za wagombea wa KPU wapatao 1,800 zilikataliwa na wasimamizi kwa madai kwamba zilijazwa vibaya. Za KANU zote zilikuwa sawa. Wasimamizi hao walikuwa wakuu wa wilaya, walewale waliohamishiwa Ofisi ya Rais miaka minne nyuma kwa idhini ya watu ambao sasa karatasi zao zilitupwa.

Yaliyobaki ni mafupi na ya kutisha. Mboya aliuawa katikati ya Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Tarehe 25 Oktoba Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali, akarushiana maneno makali na Odinga mbele ya umati, na walinzi wakafyatua risasi zilizoua watu, wakiwamo wasiohusika kwa lolote. Siku tano baadaye KPU kilipigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini. Desemba uchaguzi mkuu ulifanyika chama kikiwa kimoja. Wengi huanzia hapa wanapohesabu mwisho wa vyama vingi Kenya, na wengine hungoja hadi 1982 chama kimoja kilipoandikwa katika katiba. Mimi naona tarehe hizo zote mbili zimechelewa, kwani hakuna kilichotokea Oktoba 1969 ambacho hakikuwa kimeruhusiwa na kura za miaka mitano iliyotangulia.

Atakayenipinga atasema kwamba nimesahau hatari. Kweli, mwezi wa kwanza wa 1964 peke yake ulileta mapinduzi Zanzibar tarehe 12, kisha maasi ya wanajeshi Tanganyika tarehe 20, Uganda tarehe 23 na Lanet, Kenya, tarehe 24. Kaskazini Mashariki, Wasomali waliotaka kuungana na Somalia walikuwa wamekwisha kushika bunduki, na hali ya hatari ilitangazwa huko kabla uhuru haujatimiza wiki mbili. Serikali yoyote ingeogopa. Lakini tazama hatari hizo zilitoka wapi na zilimalizwa na nini. Maasi ya Lanet yalitoka jeshini, na jeshi lilikuwa la serikali kuu tangu mwanzo. Vita vya huko Kaskazini Mashariki, vilivyoitwa vya Shifta, vilipiganwa kwa mamlaka ya hali ya hatari yaliyokuwamo katika katiba ileile ya 1963. Hakuna baraza la jimbo lililoasi, na hakuna seneta aliyezuia bajeti ya jeshi. Mabadiliko yalitetewa kwa jina la usalama, na walioguswa nayo walikuwa wabunge, madiwani na wagombea.

Kuna hoja ya fedha pia: nchi maskini haiwezi kulipia serikali 7 za majimbo na mabaraza mawili ya Bunge. Ingekuwa na nguvu zaidi kama akiba iliyopatikana ingeonekana. Bunge lililounganishwa lilikuwa na wabunge walewale, na utawala wa mikoa uliochukua nafasi ya majimbo haukuwa wa bure. Wengine watasema kuwa Kenya iliepuka ya Uganda, ambako Milton Obote aliisimamisha katiba na mwezi wa Mei 1966 jeshi likaishambulia ikulu ya Kabaka. Hilo ni kweli, na utawala wa sheria, hata wa sheria mbovu, uliwaokoa Wakenya na mengi. Ila Obote aliacha jeraha ambalo kila mtu aliliona na kulitaja. Kenya ilipata utaratibu ulioonekana halali, na kwa sababu hiyo ulidumu. Zile siku 90 zilizowekwa 1968 ndizo zilizomfikisha Moi Ikulu mwaka 1978 bila kupingwa. Martin Shikuku, mmoja wa viongozi wa KADU, alisema Bungeni mwaka 1975 kwamba kuna watu wanataka kuliua Bunge kama KANU kilivyouawa, akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Wakili wa serikali hakuhitaji kutafuta sheria mpya ya kumkamata.

Inabaki hoja nzito kuliko zote, kwamba yote yalikuwa matakwa ya watu, kwa kuwa KANU kilishinda 1963 na wengi hawakuyapenda majimbo. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini wapiga kura wa 1963 waliwachagua maseneta na wabunge chini ya katiba fulani, na kuanzia hapo hadi Desemba 1969 hawakuulizwa tena kwa jumla lolote: wala kuhusu jamhuri, wala kuhusu Seneti, wala kuhusu kuongezewa muda kwa Bunge lenyewe. Ile kura ya maoni ambayo serikali iliwatishia nayo KADU mwaka 1964 haikupigwa. Mara ya kwanza Wakenya kuulizwa katika kura ya maoni kuhusu katiba yao ilikuwa tarehe 21 Novemba 2005, na rasimu waliyoletewa waliikataa. Waliyoikubali mwaka 2010 ina Seneti na kaunti 47, na Ibara yake ya 255 inasema kuwa malengo na muundo wa ugatuzi havibadilishwi kwa kura za wabunge peke yao.